Si Mwamba Mgumu: Mashine ya Kupekecha Mawe Ilivyoundwa



Kwenye mlango wa madrasa ya mtaani kwetu, ng'ambo ya Likoni, kuna dude la chuma ukubwa wa nazi isiyofuliwa. Lina vichwa vitatu vyenye meno, mfano wa mananasi madogo matatu yaliyoinamishiana vipaji. Watoto hulitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo wa kusi. Liliachwa na wachimbaji wa kisima mwaka juzi, na pamoja na shimo lililozibwa kwa zege nyuma ya choo cha wavulana, ndilo tulilobaki nalo kwa pesa zetu zote.

Pesa zenyewe zilichangwa kwa taabu. Kuna kina mama wauza mahamri waliotoa shilingi hamsini hamsini, wavuvi waliotoa walipopata, na kijana wetu mmoja aliyeko Muscat aliyetuma kikubwa kuliko wote. Kamati ikanichagua mimi nisimamie kazi, kwa hoja kwamba nina diploma ya mitambo. Siku ya kwanza lori la mashine lilikwenda vizuri. Siku ya pili, kwenye mita ishirini na kitu, mashine ikaanza kunguruma bila kushuka. Tangu asubuhi mpaka laasiri haikupata hata mita moja. Mkuu wa mafundi akanijia akifuta jasho: "Mzee wangu, mwamba wenu huu mgumu. Hapa itabidi muongeze kitu." Tukaongeza. Siku ya tatu mabomba yakakwama chini, wakavuta weee, yakatoka mengine yakabaki mengine, kisha wakafunga virago.

Linaloniuma ni kwamba nilipoambiwa mwamba ni mgumu, nilitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Diploma yangu ilikuwa ya magari. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichopata juu ya mashine hizi na jinsi zilivyobuniwa, na leo naandika ili kamati nyingine isije ikatikisa kichwa kama nilivyotikisa mimi.

Naanza na chombo tunachokijua. Wale waliowahi kukaa karibu na mafundi wa majahazi wanaikumbuka keekee. Kile chuma chenye ncha kimeshikizwa kwenye msukano, yaani ule mti unaozunguka. Juu ya msukano kuna jivu, ndicho kishikio ambacho fundi anakikandamiza kwa kiganja. Kamba ya uta imezungushwa kwenye msukano, na fundi akisukuma uta mbele na nyuma, msukano unazunguka. Kila mara anaitoa keekee, anapuliza unga wa mbao, anaendelea. Tazama basi: mkono mmoja unakandamiza, mkono wa pili unazungusha, na pumzi inaondoa unga. Kazi ni hizo tatu. Kila mashine ya kupekecha mawe iliyowahi kuundwa duniani, hata ile iliyokuja na lori mtaani kwetu, inafanya hizo hizo tatu na haina ya nne. Ikishindwa moja, zile mbili zilizobaki ni kelele tupu.

Wamisri wa kale walipekecha graniti kwa uta kama huo wa fundi wa jahazi, ila badala ya ncha walitumia bomba la shaba lililo wazi katikati, na chini yake wakamimina mchanga. Shaba ni laini kuliko jiwe, haikati kitu. Mchanga ndio unaosaga, shaba inauburura tu. Na kwa kuwa bomba ni wazi, halikuwa na haja ya kusaga shimo zima. Linasaga duara jembamba, na katikati linabaki gogo la jiwe linalovunjwa na kutolewa. Wazo hilo la kukata pete na kuacha kiini lilikaa maelfu ya miaka likisubiri, na tutakutana nalo tena.

Turuke hadi karne ya 19, wakati Ulaya ilipoanza kutoboa milima ya Alps ili kupitisha reli. Njia ya chini kwa chini ya Mont Cenis, kati ya Ufaransa na Italia, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 12, ilianzwa 1857 na kufunguliwa 1871. Walichohitaji pale ni vitundu vya kutilia baruti, maelfu kwa maelfu. Mhandisi Germain Sommeiller alileta mashine zilizoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na mashine zake hazikupekecha, ziligonga. Patasi ya chuma inakwenda mbele, inapiga mwamba, inarudi, inageuka kidogo, inapiga tena.

Kwa nini walichagua kugonga? Kwa sababu chuma cha wakati ule ukikizungusha juu ya mwamba mgumu kinalika kabla ya mwamba. Ukigonga, jiwe linapasuka kwa mshtuko hata kama patasi si kali sana. Lakini kugonga kuna gharama yake. Mshtuko ule ule unaovunja jiwe unarudi ndani ya mashine, unavunja vali, unakatika boliti, na mashine zilishinda karakana. Ndipo wakatokea watu wawili waliosema turudi kwenye kupekecha, kila mmoja kwa jibu lake.

Jibu la kwanza lilitoka kwa fundi wa saa. Georges-Auguste Leschot alikuwa mtu wa Geneva, na jina lake lilikuwa tayari kubwa kwa mitambo aliyoiunda ya kutengeneza vipande vya saa vinavyolingana kimoja na kingine. Mwanawe Rodolphe alikuwa mhandisi. Mnamo 1862 na 1863 wakatoa mashine ambayo jino lake halikuwa chuma bali almasi. Si almasi ya pete ya harusi, ni ile nyeusi isiyong'aa inayotoka Bahia, Brazili, ambayo sonara hana haja nayo. Ni ngumu ajabu, na haipasuki kirahisi kama ile ya kung'aa.

Almasi hizo zilipachikwa kwenye mdomo wa bomba la chuma, mfano wa taji. Upachikaji wenyewe ulikuwa na hesabu. Nyingine zilichomoza chini ili zikate, nyingine zilichomoza kidogo kwa nje, nyingine kidogo kwa ndani. Za nje zinafanya shimo liwe pana kuliko bomba, ili bomba lisibane na maji yapate njia ya kupanda. Za ndani zinafanya kile kiini cha jiwe kiwe chembamba kuliko bomba, ili kiingie bila kukwama. Maji yanasukumwa kwa pampu kupitia ndani ya mabomba, yanafika kwenye taji, yanaipoza, yanazoa unga na kupanda nao kwa nje. Kiini kikitolewa juu, mhandisi anauona mwamba wa chini kama ulivyo, tabaka kwa tabaka. Ndiyo sababu wachimba madini waliipenda mashine hii kuliko hata wajenzi wa reli.

Sasa tatizo la kukandamiza. Almasi haitaki kusukumwa kwa nguvu, ikisukumwa inavunjika. Inataka kuzungushwa haraka, mara mia kadhaa kwa dakika, huku ikishuka kidogo kidogo kwa kipimo. Utapataje chuma kishuke unywele mmoja kila mzunguko? Hapa mafundi walifanya jambo ambalo mimi mtu wa gia lilinifurahisha sana. Bomba linalozunguka walilikata hesi kwa nje, kama parafujo ndefu, na wakaliingiza kwenye nati. Kisha nati nayo wakaizungusha upande ule ule, kwa gia zilizopishana meno machache tu. Parafujo ikizunguka na nati ikizunguka sawasawa nayo, hakuna kinachoshuka. Lakini nati ikiipita parafujo kidogo, kile kidogo ndicho kinachosukuma bomba chini. Tuchukue mfano: hesi ni ya robo inchi, na nati inapata mzunguko mmoja wa ziada kila mizunguko 75. Basi taji itahitaji mizunguko 300 kushuka inchi moja. Ukitaka iende haraka zaidi, unabadilisha gia. Kwenye mashine nyingi nati ilishikwa kwa msuguano, si kwa kufungwa kabisa, hivi kwamba taji ikikutana na mwamba mgumu ghafla, nati inateleza na almasi zinasalimika. Leo kazi hiyo inafanywa na silinda za mafuta, lakini lengo ni lile lile.

Udhaifu wa mashine ya Leschot ni bei na nyufa. Kwenye mwamba uliopasukapasuka taji inarukaruka, jiwe moja linang'oka, na almasi iliyoanguka ndani ya shimo inageuka adui wa wenzake. Inawavunja mmoja mmoja mpaka taji inabaki kipara.

Jibu la pili lilikuja kutoka upande wa kinyume kabisa. Alfred Brandt, mhandisi Mjerumani mzaliwa wa Hamburg, katika miaka ya 1870 aliamua kubaki na jino la chuma na kuacha mbio. Mashine yake ilizunguka mara 5 hadi 10 hivi kwa dakika, polepole kama mtu anayekoroga uji. Lakini ilikandamiza kwa uzito wa tani 10 na zaidi juu ya biti yenye upana wa sentimita 7 hivi. Biti yenyewe ilikuwa bomba fupi la chuma kigumu lenye meno matatu au manne mdomoni. Kwa uzito ule jino halikwaruzi jiwe, linaliponda. Chini ya jino jiwe linasalimu amri, linakatika vipande, jino linageuka kidogo na kuponda pengine. Katikati kinabaki kiini, na kinakatika chenyewe.

Nguvu hiyo ilitoka kwenye maji. Brandt alitumia maji yaliyoshindiliwa hadi kama mara 100 ya msukumo wa hewa tunayovuta. Maji hayo yalisukuma biti mbele ndani ya silinda. Yalisukuma pistoni mbili ndogo ambazo kwa parafujo na gurudumu la meno zilizungusha biti. Yalitanua nguzo ya chuma iliyokingamishwa ndani ya njia mpaka ikabana kuta mbili, kwa maana ukisukuma mwamba kwa tani 10, mwamba nao unakusukuma wewe, na lazima uwe na pa kuegemea. Na yalipomaliza kazi zote hizo, maji hayo hayo yalipitishwa ndani ya biti kuosha unga na kupoza meno. Kwa hiyo vumbi halikujaa hewani, na mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye machimbo ya mawe anajua kifua kinashukuru vipi.

Njia ya Arlberg huko Austria, zaidi ya kilomita 10, iliyochimbwa kati ya 1880 na 1884, ilikuwa kama mashindano. Upande wa mashariki walitumia mashine za kugonga, upande wa magharibi wakatumia za Brandt. Yule bwana wa polepole hakuachwa nyuma. Ndiyo maana ilipoanzwa njia ya Simplon kati ya Uswisi na Italia mwaka 1898, karibu kilomita 20, mashine zilikuwa za Brandt. Humo ndani joto la mwamba lilifika nyuzi 50 na ushee. Brandt mwenyewe alifariki 1899, kazi ikiwa changa. Pande mbili zikakutana Februari 1905.

Mpaka hapo ni milima na vitundu vya baruti. Shimo la kwenda chini, kama kisima, lina shida nyingine: unga wa jiwe haumwagiki wenyewe, lazima upandishwe. Mwingereza Robert Beart alisajili mwaka 1844 njia ya kupekecha kwa mabomba wazi yanayopitisha maji, na miaka hiyo hiyo Mfaransa Fauvelle akachimba kisima Perpignan kwa kusukuma maji ndani ya mabomba. Huko Texas, wachimba visima vya maji na baadaye vya mafuta wakaongeza udongo kwenye maji. Tope lina kazi zaidi ya maji: linabeba chenga nzito bila kuziangusha upesi, na linapaka kuta za shimo ili mchanga usiporomoke. Kisima cha Spindletop, kilichoripuka mafuta tarehe 10 Januari 1901, kilichimbwa kwa mashine ya kupekecha na tope, na inasimuliwa kwamba wachimbaji waliingiza ng'ombe kwenye dimbwi ili walikoroge kwa kwato.

Biti yao iliitwa mkia wa samaki, na ndivyo ilivyokuwa: bapa la chuma lenye pacha mbili, linakwaruza. Kwenye mchanga na udongo lilikwenda kama kisu kwenye papai. Likifika kwenye mwamba, basi. Mwaka 1908 Howard Hughes, baba wa yule tajiri wa ndege na sinema, akaunda biti isiyokwaruza. Aliweka koni mbili za chuma zenye meno, kila moja inazunguka kwenye ekseli yake. Mabomba yakizunguka, koni zinabingirika juu ya sakafu ya shimo. Uzito wote wa mabomba unasimama juu ya meno machache kwa wakati mmoja, jino linaponda na kuondoka, linafuata jingine. Ukitazama vizuri, ni uzito wa Brandt ulioingizwa kwenye gurudumu. Hati ya ubunifu ilitolewa Agosti 1909. Katika jaribio la Goose Creek, Texas, mwaka huo huo, biti hiyo inasemekana ilitoboa futi 14 za mwamba kwa saa 11, mahali ambapo mkia wa samaki ulikuwa umeshindwa. Hughes hakuwauzia watu biti zake, aliwakodisha, akatajirika. Mwaka 1933 kampuni yake ikaleta ya koni tatu, ambazo meno ya moja yanapita kwenye mapengo ya mwenzake na kuyasafisha.

Koni tatu. Ndilo dude la mlangoni pa madrasa yetu.

Udhaifu wa biti ya koni ni ile ekseli iliyofichwa ndani. Inazunguka kwenye tope, chini ya uzito, gizani, hakuna anayeiona. Tope na mchanga vikipenya, inakwama. Koni iliyokwama haibingiriki tena, inaburuzwa. Hapo umerudi kwenye mkia wa samaki, tena mbovu kuliko ule wa asili.

Jioni moja baada ya kusoma haya nilikwenda madrasani, nikachutama mlangoni nikazungusha zile koni kwa kidole. Ya kwanza ikazunguka. Ya pili ikazunguka kwa kukwaruza. Ya tatu haikutikisika. Upande wake mmoja meno yote yamelika, umekuwa bapa, laini kama kisigino cha ndara ya zamani. Nikaelewa ule mngurumo wa siku ya pili ulikuwa nini.

Na mwamba mgumu? Ndugu zangu, chini yetu pale ni jiwe la matumbawe. Ni lile lile tunalolikata kwa msumeno machimboni tukajengea nyumba, lile lile la kuta za Mji wa Kale na Lamu. Liko lililogandamana likawa gumu, sikatai. Lakini kulilinganisha na mwamba wa Alps uliotobolewa kwa maji na meno ya chuma miaka ya 1880 ni kichekesho. Tabia ya matumbawe ni nyingine: yana mapango. Tope likiingia kwenye pango halirudi juu. Nakumbuka sasa kwamba siku ile ya pili dimbwi la tope lilikuwa likipungua, wakawa wanaongeza maji matupu. Kwa hiyo koni haikuzunguka, tope halikupandisha chenga, na mkuu wa mafundi alipoona hashuki akazidi kukandamiza. Chenga zikatulia kuzunguka mabomba na kuyabana kama saruji. Kesho yake yakakwama.

Nikumbushe pia, maana nimeulizwa sana, kwamba karibu na bahari kwenda chini zaidi si lazima kuwe heri. Maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi. Wazee waliochimba kwa mtaimbo waliyafikia matamu wakaacha. Mashine inaweza kuyapita kabla hujamaliza chai.

Mwenye kusimamia kisima na amwambie fundi amwonyeshe biti kabla haijashuka, na kila inapopanda. Koni zote zizunguke. Aandike saa na mita, ili kasi ikishuka ghafla ijulikane ni kwenye mita ya ngapi. Chenga ziwekwe mafungu mafungu, mita kwa mita, zionekane kama jiwe limebadilika kweli au ni biti iliyokufa. Na jicho lisiondoke kwenye dimbwi la tope. Haya hayataki diploma.

Mwezi uliopita kamati ya msikiti wa jirani ilinialika nikae nao siku ya kuchimba. Nilichukua lile dude kwenye mfuko wa saruji nikaenda nalo. Mchimbaji alikuwa kijana mdogo, wa kampuni nyingine. Alilipokea, akaligeuza mara moja, akacheka. "Ustadh, koni hii ilikufa zamani. Hata shimo lenu haikuwahi kulianza ikiwa nzima." Kisha akainama chini ya lori, akatoa biti yake, na kabla sijasema neno akaanza kuzungusha koni moja moja kwa kidole.